Simu ya Mkataba Ikiharibika Uingereza: Mdai Aliyekuuzia

Nilipoingia mwezi wa nne wa mkataba wa simu wa miezi 24 hapa Coventry, simu ilianza kujizima yenyewe katikati ya mazungumzo, hata chaji ikiwa zaidi ya nusu. Niliirudisha dukani kwa kampuni ya mtandao iliyoniuzia, na kijana wa kaunta akanieleza kwa upole kwamba hilo ni kosa la kiwandani, kwa hiyo nimtafute mtengenezaji. Nilikubali nikaondoka. Baadaye niligundua kwamba Watanzania na Wakenya wenzangu kadhaa walikuwa wamepewa jibu hilohilo, nao wakaondoka vilevile, ilhali jibu lenyewe si sahihi.

Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo, inamwajibisha muuzaji. Yeye ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha, inafaa kwa kazi yake na inalingana na maelezo yaliyotolewa. Waranti ya mtengenezaji ni nyongeza tu, na haimwondolei muuzaji wajibu wake. Kwa hiyo, kabla ya kupiga simu popote, toa karatasi za mkataba uone ni nani hasa aliyekuuzia: ukichukua simu katika duka la kampuni ya mtandao, unaidai kampuni hiyo, lakini ukiichukua katika duka linalouza mikataba ya mitandao mbalimbali, mara nyingi dai la simu yenyewe liko kwa duka hilo, ingawa fedha za kila mwezi zinakatwa na mtandao.

Muda nao una uzito mkubwa. Ndani ya siku 30 za kwanza unaweza kuikataa simu mbovu na kurudishiwa fedha bila kulazimika kusubiri matengenezo. Siku hizo zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kuitengeneza au kukubadilishia, kwa gharama zake mwenyewe, posta ikiwemo, katika muda unaofaa na bila kukusumbua kupita kiasi. Hitilafu ikirudi baada ya nafasi hiyo, una haki ya kuikataa, au kubaki nayo kwa bei iliyopunguzwa. Hitilafu ikijitokeza ndani ya miezi 6, sheria inachukulia kwamba ilikuwepo tangu siku ya kununua, na muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo. Miezi hiyo ikipita haki haifi, ila mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako, na huenda ukahitaji ripoti ya fundi asiye na upande.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojiharibia. Tumezoea mafundi wa Kariakoo, ambao kwa nusu saa wanaifungua simu, wanabadilisha betri na kukurudishia ikiwa nzima, kwa hiyo simu ikisumbua tunakimbilia kibanda cha karibu. Ninawaheshimu sana mafundi hao, lakini simu ikishafunguliwa kabla ya kudai, unampa muuzaji sababu ya kusema kwamba aliyeifungua ndiye aliyeiharibu. Iache kama ilivyo, irekodi video inapojizima, na uandike tarehe kila mara.

Jambo lingine ninalolisihi kwa moyo wote ni hili: usisimamishe malipo ya benki kwa hasira. Kampuni italihesabu kuwa deni, na deni hilo litaingia katika rekodi yako ya mikopo, ambayo wenye nyumba na benki huiangalia. Endelea kulipa, na katika barua yako ya kudai eleza kwamba unalipa huku ukiendelea na dai.

Mimi niliandika barua pepe fupi, nikaitaja sheria hiyo kwa jina na mwaka, nikaomba matengenezo. Simu ilirudi baada ya siku kumi na mbili, ikafanya kazi kwa wiki moja, kisha ikajizima tena. Niliandika mara ya pili kwamba sasa ninaikataa, na kwa kuwa miezi 6 ilikuwa haijatimia, hawakuwa na ruhusa ya kukata chochote katika fedha za kunirudishia kwa matumizi niliyokwisha kuyapata. Kampuni ilikaa kimya. Nilifungua malalamiko rasmi na kuwakumbusha kwamba wiki 8 (ndizo zilizokuwa zimewekwa wakati huo) zikipita bila suluhu, nitalipeleka suala hilo kwa msuluhishi huru anayetambuliwa na Ofcom, mamlaka ya mawasiliano, ambaye mlaji hamlipi kitu. Katika wiki ya tano walijitolea kunipa simu mpya, nami nikakubali, kwa sharti la maandishi kwamba mkataba hautaanza kuhesabiwa upya.

Ukipewa simu nyingine namna hiyo, bonyeza *#06# uone namba yake ya IMEI, yaani utambulisho wa pekee wa kila simu, kisha iwasilishe kwa bima yako siku hiyohiyo, kwa maana bima ya zamani imeandikwa kwa namba ya simu uliyoirudisha.