Barua kwa mwanangu: kabla hujapanda meli Miami

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena na mamako ubavuni. Unasema mumelipia safari ya meli ya siku saba mwezi wa Julai, kutoka Miami kwenda Jamaika, Grand Cayman na Cozumel huko Meksiko: wewe, mumeo, mjukuu wangu na mavyaa wako. Na swali lako ni hili: "Baba, wewe umefanya kazi kwenye meli hizo miaka na miaka. Kuna nini ambacho hawatuambii?"

Hawafichi kitu, mamangu. Kila jambo limeandikwa, ila limeandikwa kwa herufi ndogo, na watu wanatazama picha. Mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba, kwa hivyo nitakueleza yale niliyokuwa nikiona yakiwashika abiria wageni. Mabwawa, kasino na maonyesho ya jioni utayajua mwenyewe ukifika. Hayo hayahitaji mwalimu.

Tuanze na karatasi. Wewe una pasipoti ya Kenya na grini kadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Beba zote mbili, na utazame tarehe zake leo, usingoje Juni. Meksiko haimdai viza mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani. Kwa Jamaika na Cayman iandikie kampuni ya meli, uulize waziwazi habari ya "mwenye pasipoti ya Kenya", na jibu lao ulichapishe uende nalo. Ukikosa karatasi ya bandari moja tu, wanaweza kukuzuia pale pale Miami, na pesa usitarajie kurudishiwa. Mumeo ataambiwa kwamba raia wa Marekani, kwa safari inayoanza na kuishia bandari ile ile, anaruhusiwa kwenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Ni kweli. Lakini akiachwa na meli, au mtoto akiugua wakashushwa Jamaika, cheti cha kuzaliwa hakimpandishi ndege kurudi nyumbani. Yeye na mtoto wachukue pasipoti.

Na msisafiri kwa ndege kutoka Minneapolis siku ile ile ya meli. Ndege ikichelewa, meli haina habari nanyi. Laleni Miami usiku mmoja.

Sasa nikwambie la saa, maana hili ndilo linaloumiza watu kuliko yote. Julai, Miami huwa imesogeza saa zake mbele kwa ajili ya kiangazi. Jamaika, Cayman na Cozumel hawasogezi. Kwa hivyo bandari zenu zote tatu zitakuwa nyuma ya Miami kwa saa moja, na meli nyingi hubaki na saa ya Miami safari nzima. Simu yako haijui hayo. Ikishika mtandao wa nchi kavu inajigeuza yenyewe. Wewe uko sokoni Cozumel, simu inakwambia ni saa tisa na nusu, unajiona una saa nzima mkononi. Melini ni saa kumi na nusu, na hiyo ndiyo saa ya mwisho ya kupanda. Nunua saa ya mkono, hata ya bei rahisi, iweke kwa saa ya meli siku ya kwanza na usiiguse tena. Nahodha akibadilisha saa atatangaza, na itaandikwa kwenye ratiba ya siku.

Nimewaona wanaochelewa. Mlango wa ubavuni umeshafungwa, kamba zinatolewa gatini moja moja, na mtu na mkewe wanakuja mbio na mifuko ya plastiki huku na huku, viatu mkononi. Abiria wamejaa kwenye baraza za vyumba wanawapigia makofi na kuwapiga picha. Sisi wa vyumba hatukuwa na nafasi ya kucheka. Tulipigiwa simu tukafungue mlango wa chumba chao, ofisa wa usalama akafungua sefu, akatoa pasipoti zao, akazikimbiza chini kwa wakala wa bandari kabla kamba ya mwisho haijatoka. Wenyewe wakabaki na gharama ya ndege mpaka bandari ya mbele. Ndiyo maana wazoefu hushuka na nakala ya pasipoti na kadi moja ya benki, hata kama wanaenda ufukweni tu.

Ziara za nchi kavu zinazouzwa na meli ni ghali kuliko za watu wa mtaani, lakini basi la meli likichelewa, meli hulisubiri. Teksi yako ikichelewa, ni wewe na dereva wako. Kwa hivyo mahali pa mbali, kama maporomoko ya Dunn's River kule Jamaika, nendeni na ziara ya meli. Cozumel mnaweza kutembea wenyewe. Grand Cayman meli hazifungi gatini, hutia nanga nje ya George Town, na abiria huvushwa kwa mashua. Foleni ya mashua za mwisho huwa ndefu na jua lake si la mchezo, na mavyaa wako na magoti yake asiachwe mpaka foleni hiyo. Bahari ikichafuka asubuhi, nahodha anaweza kuipita Cayman kabisa. Anayo haki hiyo kwa mkataba mliotia saini, na Julai iko ndani ya msimu wa tufani unaoanza tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba. Msigombane na msichana wa kaunta kwa sababu ya mawimbi.

Umeuliza chumba gani. Muuzaji yeyote wa safari za meli atakusukumia chumba chenye baraza, na ni nzuri, sikatai. Lakini wewe tangu utotoni unatapika kwenye kivuko cha Likoni, na hapo hata ng'ambo hatujafika. Chukua chumba cha katikati ya meli na cha chini kidogo. Meli ikipanda na kushuka, omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazorushwa, katikati kunatulia. Halafu fungua ramani ya sitaha mtandaoni utazame kilicho juu ya kichwa chako na kilicho chini ya miguu. Chumba chini ya bwawa au bafe utasikia viti vikiburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa muziki utatikiswa mpaka saa nane za usiku. Kilicho na vyumba juu na vyumba chini ndicho chenye usingizi. Kwa watu wanne ningechukua viwili vya ndani vinavyotazamana kuliko kimoja chenye baraza, kwa sababu choo kimoja cha meli kwa watu wanne, na mmoja ni mavyaa, ni mtihani.

Dawa ya kichefuchefu huliwa kabla ya kuanza kutapika. Meclizine inauzwa duka lolote la dawa huko kwenu. Meza kabla meli haijatoka, ujue inaweza kukuletea usingizi. Tangawizi nayo inasaidia, na kutoka nje ukatazama mwisho wa upeo. Kuna kile kibandiko cha nyuma ya sikio, nacho kina nguvu, lakini mavyaa wako asikiguse bila daktari, maana umesema ana presha ya macho. Dawa zake zote zikae kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku mtayakabidhi kwa wapagazi gatini, na huenda yasifike chumbani mpaka jioni. Mtoto awe na nguo ya kuogelea na kandambili humo humo mkobani. Ila kama bado anavaa nepi, wataalamu wa afya wa Marekani hawaruhusu nepi ndani ya mabwawa ya meli, hata zile za kuogelea. Tafuta meli yenu ina pahala pa maji pa watoto wadogo au haina.

Usipakie pasi ya nguo, birika la umeme, mshumaa wala udi. Sanduku litazuiliwa, nawe utaitwa kulifungua mbele ya watu. Wanaogopa moto kuliko mawimbi, na wana haki. Badala yake beba kulabu za sumaku: kuta za vyumba ni chuma, na kulabu kumi zitakupa pa kutundika mitandio, kofia na mataulo yote.

Pesa. Mlicholipa ni kitanda, chakula cha kawaida na kusafirishwa. Bakshishi huongezwa kwenye hesabu yenu kila siku, kama dola 16 mpaka 20 kwa kila kichwa, na kwa kampuni nyingi mtoto naye huhesabiwa. Kwa dola 17, watu wanne, usiku saba, ni dola 476. Ziweke kando sasa. Mumeo akisikia kwamba kaunta wanaweza kuziondoa, mwambie ada zako za shule zilitoka mle.

Kifurushi cha vinywaji msinunue. Kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue, na bei yake imepigwa kwa mtu anayekunywa pombe kutwa. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi za asubuhi ni bure. Intaneti ikibidi, ilipie kabla ya safari, huwa nafuu kidogo. Na simu iweke hali ya ndege mara meli inapong'oa nanga. Ule mtandao wa simu wa baharini unajishika wenyewe, na bili yake utaikuta Agosti. Hesabu ya melini fungueni kwa kadi ya mkopo. Ukiwapa kadi ya benki, wanazuia sehemu ya pesa zako kwenye akaunti na huwa zinachelewa kuachiliwa. La mwisho la pesa ni bima. Bima yenu ya afya ya kazini huenda isilipe kitu baharini, na mtu akihitaji kuchukuliwa kwa helikopta ni makumi ya maelfu ya dola. Nunueni bima ya safari inayotaja kuhamishwa kwa mgonjwa.

Chakula: kama mnataka halali, andikeni kwa kampuni miezi miwili mbele, kisha usiku wa kwanza mtafuteni mkuu wa wahudumu wa mezani. Wengi wao ni waungwana sana; atakuletea menyu ya kesho mchague leo. Bafe ina nguruwe na koleo zinahama sahani hadi sahani, kwa hivyo hapo jihadharini. Kwa swala, televisheni ya chumbani ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli imeelekea wapi. Kutoka bahari ile kibla ni kati ya mashariki na kaskazini, lakini meli hugeuka, basi tazama kila mara kabla ya kutandika mswala.

Mikono osheni kwa sabuni na maji. Ile dawa ya kupaka mikononi wanayoiweka kwenye milango ya bafe haiuwi vizuri kirusi cha noro, nacho ndicho kinachoangusha watu kwa kuhara na kutapika melini. Mmoja wenu akishikwa, semeni. Mtafungiwa chumbani siku mbili hivi, lakini mkificha mtaambukiza korido nzima, pamoja na kijana anayewatandikia.

Zoezi la dharura msilikwepe. Siku hizi mara nyingi unatazama video kwenye simu, kisha unakwenda kituo chenu mnatiwa alama. Herufi ya kituo imeandikwa kwenye kadi ya chumba. Mwende kwa miguu, kwa ngazi, pamoja na mavyaa, muone ni mbali kiasi gani, kwa sababu penye dharura lifti hazitumiki. Meli ya abiria ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32, kulikuwa na mamia ya abiria waliopanda siku ile ile na hawajafanya zoezi. Sheria wakati ule iliruhusu kungoja saa 24. Sasa zoezi ni kabla ya kutoka, au mara tu mkitoka. Mkisikia milio mifupi saba na mmoja mrefu, msirudi chumbani kuchukua mikoba.

Usiku wa mwisho mtaambiwa muweke masanduku nje ya mlango kabla ya saa tano au sita, yashushwe usiku. Bakisheni nguo za asubuhi. Nilimfungulia mlango bwana mmoja aliyekuwa amevaa suti ya kulalia na soksi, mkewe alipakia kila kitu mpaka viatu, na sanduku liko chini kwenye shehena na halirudi. Alipita kwa maofisa wa uhamiaji hivyo hivyo, na kandambili za karatasi nilizomtafutia. Mkiweza kubeba mizigo wenyewe msiiweke nje kabisa, mtashuka mapema.

Ndege ya kurudi iwe ya saa sita mchana au baadaye. Kata tiketi hizo wiki hii kabla Julai haijapanda bei, kisha unitumie ramani ya sitaha niwatazamie chumba.

Msalimie mavyaa wako sana.

Babako