Kwa wanaoanza utafiti wa biomekanika: hakikini kipimo kabla ya kuamini grafu

Mwanafunzi mpya akiingia kwenye maabara ya mwendo wa binadamu, macho hukimbilia kamera na kompyuta. Sisi tunakuomba uanze na vidole vyako. Makosa mazito ya fani hii mengi hayazaliwi kwenye programu. Huzaliwa pale unapobandika alama ya kuakisi mwanga juu ya ngozi ukidhani mfupa uko hapo, kumbe uko sentimita moja pembeni. Programu itaipokea alama hiyo bila kulalamika na kukuchorea grafu nzuri kabisa.

Chukua goti. Alama mbili huwekwa kwenye vinundu vya mfupa wa paja, cha nje na cha ndani, juu kidogo ya kiungo chenyewe. Mstari unaoviunganisha ndio unaochukuliwa kuwa mhimili ambao goti hukunjia. Alama ya nje ikikaa mbele kuliko inavyotakiwa, mhimili mzima unageuka, na sehemu ya kule kukunja inahesabiwa kana kwamba goti linapinda kwenda ndani au nje. Dalili yake iko wazi ukijua pa kutazama, nayo ni kipindi ambacho mguu uko hewani. Mtu mzima anayetembea kawaida hukunja goti kiasi cha nyuzi 60 wakati huo. Ukiona mchoro wa kupinda pembeni nao unapanda na kushuka sambamba na ule wa kukunja, ukafika nyuzi 15 au 20, kosa ni la alama. Mguu ulio hewani haubebi uzito wa mwili, kwa hiyo hakuna cha kulipindisha goti kiasi hicho. Tafadhali usimpe mtu matege ambayo hana.

Kukipata kinundu sawasawa, tafuta kwanza ufa wa kiungo, pale paja na muundi vinapokutana, ukimwomba mshiriki akunje na kunyoosha goti taratibu. Kisha panda juu hadi pale mfupa ulipojitokeza zaidi. Kumgusa akiwa amekaa ni rahisi, lakini nukta ya kalamu itiwe akiwa amesimama katika mkao atakaopimwa nao. Ngozi huteleza juu ya mfupa mkao unapobadilika, na nukta iliyotiwa akiwa kitini huhama akisimama. Kwenye fupanyonga kazi ni ngumu zaidi. Kitovu cha kiungo cha nyonga hakigusiki, hukadiriwa kutokana na alama za fupanyonga, kwa hiyo kosa la pale linashuka hadi kwenye nyonga na goti. Kwa mshiriki mwenye nyama nyingi tumboni, bonyeza mpaka usikie ncha za mbele za mfupa, pima umbali kati yake na uuandike. Usibandike alama juu ya nyama laini ukatumaini mema.

Hata alama iliyowekwa vizuri haitulii. Ngozi na misuli ya paja vinaweza kuisogeza sentimita 2 na zaidi kutoka kwenye mfupa, hasa katika kukimbia na kuruka. Ndiyo maana kukunja na kunyoosha kiungo huaminika kuliko mzunguko wa paja kwenye mhimili wake wenyewe. Ukipima mtu yuleyule siku mbili tofauti, tofauti ya nyuzi 2 hadi 5 ni ya kawaida, na mzunguko huo wa paja huweza kupita hapo. Sasa kama mazoezi unayoyachunguza yanabadilisha pembe kwa nyuzi 3, una deni: onyesha kwanza vipimo vyako hurudia kwa kiasi gani. Na mbandikaji awe mmoja kwa utafiti mzima.

Bamba la kupimia kani lina faida moja kubwa: unaweza kulihoji kwa kitu unachokijua. Lirudishe sifuri likiwa tupu, kabla ya kila mshiriki. Kisha mtu wa kilo 70 asimame tuli juu yake. Lazima lisome karibu newtoni 687, yaani 70 mara 9.81. Likisoma 720, simamisha kazi utafute chanzo. Jaribio la pili ni la fimbo yenye alama: ikandamize ncha yake katikati ya bamba na ulinganishe mahali kamera zinapoiona ncha na mahali bamba linaposema kani inapita. Tofauti iwe milimita chache tu. Sentimita 1 inaonekana ndogo, lakini kwa kani ya newtoni 700 inaweza kuongeza newtoni-mita 7 kwenye momenti ya kiungo (uwezo wa kani kukizungusha kiungo), na tafiti nyingi zinashindania tofauti za ukubwa huohuo. Mguu unapoanza kugusa au kuondoka, puuza mahali pa kani panapoonekana kurukaruka: mahali hapo hupatikana kwa kugawanya kwa kani ya wima, na kigawanyo kikikaribia sifuri kelele (mitikisiko ya kipimo isiyo ya mwendo wenyewe) hulipuka. Wengi huhesabu mguso kuanzia newtoni 20.

Usimwambie mshiriki akanyage bamba. Akijua, atarefusha au kufupisha hatua ya mwisho, na mwendo huo si wake tena. Sogeza mahali pa kuanzia hadi mguu mzima uangukie ndani ya bamba wenyewe.

Kwenye kuruka wima, kimo huhesabiwa mara nyingi kwa muda wa hewani: 9.81 mara muda mraba, gawanya kwa 8. Sekunde 0.50 zinatoa sentimita 30.7, na sekunde 0.52 zinatoa 33.2. Mwanamichezo akitua na magoti yaliyokunjwa, anajiongezea hizo milisekunde 20 bila kuruka juu zaidi. Mwelekeze atue na miguu iliyonyooka kama ilivyokuwa wakati wa kuondoka, au tumia msukumo wa kani (kani mara muda) uliorekodiwa kabla hajaondoka. Njia hii ya pili ndiyo tunayoipendelea, ila inadai mshiriki asimame tuli kabisa angalau sekunde moja mwanzoni ili uzito wake upatikane kwa uhakika.

Kuchuja data ndipo wageni wengi hukwama, na inafaa ujue sababu badala ya kunakili namba ya mwenzako. Mchapuko hupatikana kwa kutafuta badiliko la mahali mara mbili, na kila mara kelele za masafa ya juu hukuzwa. Mtikisiko wa milimita 1 kwa Hz 1 unatoa mchapuko wa mita 0.04 kwa sekunde mraba, kiasi kisichosumbua. Mtikisiko huohuo wa milimita 1 kwa Hz 20 unatoa karibu mita 15.8 kwa sekunde mraba, zaidi ya mchapuko wa mvutano wa dunia! Kwa kutembea, chujio la Butterworth la daraja la 4 lililopitishwa mbele na nyuma, kikomo Hz 6 (masafa ya juu ya hapo hupunguzwa), ndilo lililozoeleka. Kupitisha pande zote mbili huondoa ucheleweshaji. Kwa kukimbia kikomo hupanda, na hapo kuna mtego: ukichuja alama kwa Hz 10 na kani kwa Hz 50, mara tu baada ya kutua utaona kilele kikali kwenye momenti ya goti ambacho mwili haukukitoa. Kani imebaki na mshtuko wa kutua, ilhali mchapuko wa muundi umeupoteza. Kwa hesabu za momenti, watafiti wengi huchuja vyote kwa kikomo kimoja. Lakini usitumie kani iliyolainishwa hivyo kuripoti kasi ya kupanda kwa mzigo wakati wa kutua, utakuwa umeifuta mwenyewe.

Angalia pia jedwali la uzito wa sehemu za mwili lililomo kwenye programu yako. Lile la Dempster la 1955, lililotokana na maiti za wanaume wazee, linalipa paja asilimia 10 ya uzito wa mwili. Lile la Zatsiorsky lililorekebishwa na de Leva 1996, la vijana hai, linalipa zaidi ya 14. Mguu ukiwa ardhini katika kutembea tofauti hiyo haionekani sana, lakini kwenye mbio za kasi, mguu ukiwa hewani, inabadilisha momenti ya nyonga.

Kuhusu EMG, yaani kupima umeme wa misuli: nyoa, safisha ngozi kwa spiriti, weka elektrodi umbali wa milimita 20 kutoka kitovu hadi kitovu, zifuate mwelekeo wa nyuzi za msuli na zisikae juu ya kano. Rekodi kwa Hz 1000 au zaidi. Linganisha na mkazo wa juu kabisa wa hiari wa mtu huyohuyo, na usiseme umepima nguvu ya msuli. Umepima umeme wake.

Jambo hili linawahusu hasa mnaofanya kazi na wagonjwa. Momenti ya goti ni salio baada ya misuli ya mbele na ya nyuma kukatana. Mwenye maumivu huikaza yote kwa pamoja ili kulilinda goti, hivyo momenti yaweza kuwa ndogo huku kiungo chenyewe kikigandamizwa sana. Ukiwa na momenti peke yake, usiandike kwamba mzigo wa goti umepungua. Weka EMG kando yake, na mgonjwa apumzike kabla hajaomba, kwa sababu uchovu hubadilisha mwendo.

Kabla ya kubandua chochote, fungua jaribio moja kwenye skrini. Alama zote zimeonekana mwanzo hadi mwisho? Jaribio la kusimama tuli, ambalo programu hulitumia kujua kila alama imekaa wapi mwilini, limehifadhiwa, na bamba limesoma uzito sahihi? Piga picha ya miguu na alama zake mbele, pembeni na nyuma, kisha hifadhi faili ghafi mahali pawili kabla ya kuchuja. Jaribio la kusimama likikosekana na alama zikiwa zimeshatolewa, itabidi mshiriki arudi kupimwa upya, kwa kuwa hakuna atakayeweza kuzirudisha pale pale.