Maswali na Majibu: Kuharakisha Tomografia ya Eksirei ya Awamu

Kwa nini skani ya kawaida ya CT (tomografia, yaani picha za eksirei zinazopigwa kutoka pembe nyingi na kuunganishwa kuonyesha ndani ya kitu) huchukua sekunde chache, ilhali ile ya awamu inaweza kuchukua saa nyingi?

Skani ya kawaida hupima jambo moja tu, yaani kiasi cha mionzi kilichofyonzwa na mwili. Ile ya awamu (awamu ni mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake) hupima pia jinsi mawimbi ya eksirei yanavyopinda kidogo yanapopita ndani ya kitu, na katika tishu laini kama gegedu athari hiyo inaweza kuushinda ufyonzaji mara mamia kadhaa. Kwa bahati mbaya, kipokezi, yaani kifaa kinachonasa mionzi, hakioni mpindo. Huona mwangaza peke yake. Ndiyo maana mbele yake huwekwa nyavu za mistari iliyoachana kwa mikrometa chache, ambazo hugeuza mpindo kuwa badiliko la mwangaza. Hata hivyo, picha moja haiwezi kueleza kama doa jeusi limetokana na kufyonzwa au kupinda, hivyo wavu mmoja husogezwa kidogo kidogo na kupigiwa picha kila unaposimama, angalau mara tatu. Kila msogeo huo huitwa hatua. Anayetumia pembe 1000 na hatua 8 kwa kila pembe hupiga picha 8000, na muda mwingi huishia katika kusogeza wavu na kusubiri mtetemo utulie.

Je, kipokezi chenye kasi zaidi hakitoshi?

Husaidia, lakini hakiondoi kusimama na kuanza upya. Faida kubwa zaidi hupatikana kwa kupunguza hatua zenyewe.

Hatua hizo zinapunguzwaje bila kuharibu picha?

Njia ninayoiona kuwa ya werevu zaidi ilichapishwa mwaka 2010. Wavu huwekwa mahali pamoja, pale ambapo mwangaza uko katikati ya ule mkubwa kabisa na ule mdogo kabisa, kisha kitu huzungushwa mfululizo. Mwale unaopita kutoka upande wa pili, yaani baada ya nyuzi 180, hufuata njia ileile: ufyonzaji haubadiliki, ila mpindo huelekea upande wa pili. Ukizijumlisha picha hizo mbili unapata ufyonzaji, na ukizitoa unapata mpindo. Sharti lake ni kwamba miale iwe sambamba, mpindo uwe mdogo, na kitu kisibadilike katikati ya kazi. Sharti la mwisho ndilo gumu kwa kiumbe anayepumua.

Njia nyingine hupiga hatua moja tu katika kila pembe, kisha hukopa hatua zilizosalia kutoka pembe za jirani. Karibu na mhimili wa mzunguko hasara haionekani, kwa sababu nukta ya hapo husogea kidogo sana kati ya pembe moja na nyingine. Kingoni, nukta husafiri umbali mrefu zaidi na picha hufifia. Kwa hiyo, sehemu inayochunguzwa iwekwe katikati.

Wapo pia wanaoacha nyavu kabisa na kukisogeza kipokezi mbali na kitu ili mawimbi yaingiliane yenyewe njiani. Hapo picha moja kwa kila pembe hutosha, mradi chanzo cha mionzi kiwe na mpangilio mzuri wa mawimbi na kitu kikadiriwe kuwa cha maada ya aina moja, kadirio ambalo mfupa na nyama vikiwa pamoja hulivunja.

Je, skani ya haraka hupunguza dozi ya mionzi?

Si lazima. Dozi hufuata jumla ya mionzi, wala si idadi ya picha. Picha nane hafifu zinaweza kulingana na moja iliyopigwa kwa muda mrefu. Kinachookolewa hakika ni mionzi inayopotea bure wavu unaposogezwa, endapo chanzo hakifungwi.

Lini itafika hospitalini?

Mwaka 2022 watafiti wa Munich, Ujerumani, walionyesha nyavu zikifanya kazi ndani ya mtambo wa CT wenye ukubwa wa kutosha mwili wa binadamu. Kikwazo kilichobaki ni kwamba wavu ulio nyuma ya mgonjwa humeza sehemu kubwa ya mionzi iliyokwisha kumpitia, na hakuna mbinu ya hesabu inayoirudisha.