Msuli wa mguu hukaza usiku. Je, moyo nao utakaza?

SWALI: Shikamoo daktari. Ni dereva wa bajaji, miaka 41. Usiku msuli wa mguu hunikaza hadi napiga kelele. Jirani anasema moyo nao ni msuli, siku moja utakaza hivyohivyo usiachie. Kaniuzia unga wa kulegeza moyo, hauna hata maandishi. Niendelee?

JIBU: Marahaba. Acha leo.

Jirani kapatia nusu: moyo ni msuli kweli, ila hauwezi kukaza kama mguu. Kwenye msuli wa mguu, umeme unaoleta amri hupita kwa milisekunde chache (milisekunde elfu moja ni sekunde moja), msuli ukiwa bado unajivuta. Basi amri ya pili, ya tatu, ya kumi hurundikana juu ya ile ya kwanza, msuli ukabaki umekaza. Kwenye moyo umeme hukawia, milisekunde 250 hivi, kwa kuwa kalisi (madini ya kalsiamu) inaendelea kuingia ndani ya seli. Muda huo seli ni kiziwi, hata uipigie kelele namna gani. Inapoanza kusikia tena, tayari inalegea. Amri zitarundikana wapi? Na moyo hujaa damu ukiwa umelegea.

Nimeona wagonjwa wa pepopunda: taya zimefunga, mgongo umepinda kama upinde, na moyo unadunda.

Kinachonichosha ni hii picha ya moyo uliofunga kama ngumi, maana ndiyo inayouza unga. Mshtuko wa moyo kwa kawaida ni mshipa ulioziba kwa damu iliyoganda. (Kuta za mshipa zinaweza kubana, ndiyo, lakini huo ni msuli wa aina nyingine.) Moyo ukisimama ghafla, mara nyingi unatetemeka ovyo, kila kipande na lake, damu haiendi. Hapo ni kukandamiza kifua na mashine ya kushtua moyo. Unga utamezwa na nani?

Muuzaji akisema "ni madini tu", ndipo naogopa zaidi. Potasiamu nayo ni madini tu, na ikizidi kwenye damu, hasa kwa mwenye figo dhaifu, husimamisha moyo kweli.

Mguu ukikaza, nyoosha goti, vuta vidole vije kwako. Ukizidi kujirudia, nenda kapimwe. Lakini kifua kikibana, maumivu yakapanda taya au mkono, jasho la baridi likakutoka, mwamshe jirani akupeleke hospitali, kijiko chake akiache nyumbani.