Msiba wa Wengine, Maisha Yako

SWALI: Mhariri, nimesoma kitabu cha Alex Marzano-Lesnevich, kinachochanganya mauaji ya mtoto huko Louisiana, Marekani, na maisha ya mwandishi mwenyewe. Je, ni haki kutumia msiba wa wengine kusimulia ya kwako? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi. Hata hivyo, kitabu hicho, The Fact of a Body (2017), kina asili yake mwaka 2003, pale mwandishi, mwanafunzi wa sheria aliyepinga adhabu ya kifo, alipokwenda kufanya mafunzo katika ofisi ya mawakili waliomtetea muuaji, akaonyeshwa mkanda wa video wa mtu huyo akikiri, na papo hapo akajikuta akitamani auawe. Mwandishi mwenyewe alikuwa amenajisiwa na babu yake utotoni, na familia ikanyamaza. Kwa maoni yangu, hapo hakuazima msiba. Ulimkuta na donda lake. Tena hafichi kwamba baadhi ya matukio ameyajenga kwa kuwaza, akianzia kwenye kumbukumbu za mahakama, uungwana ambao waandishi wengi wa visa vya uhalifu hawana. Suala la yeye mwandishi kutojitambulisha kama mwanamume wala mwanamke amelieleza kwa upana zaidi katika insha za baadaye. Ukizipata, zisome baada ya kitabu.