Mume wangu ameanza kuwa na shaka na Mungu. Nimwache?

*Shalom Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka, niko Morogoro. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini tangu mdogo wake afariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo amebadilika. Uzee wa kanisa ameuacha. Ibadani anakwenda, ila anakaa viti vya nyuma na haimbi. Kwenye jumuiya aliuliza mbele za watu: "Kama tuliomba na tukaambiwa amepona, mbona tumezika?" Niliona aibu ya mwaka. Mimi nafunga Jumatano na Ijumaa, mkesha sikosi. Nilipaka mafuta ya upako kwenye mto wake akiwa kazini. Usiku akavua foronya, akaifua, akaianika, hakusema kitu. Mama kiongozi wa kikundi chetu anasema roho iliyo ndani yake haikupenda mafuta. Shemeji alikuwa ameshapokea uponyaji, hata kusafishwa damu alikuwa ameacha kwa imani, ila ukoo wao una shaka sana. Biblia inasema tusifungiwe nira na wasioamini. Nihamie chumba kingine, au niondoke kabisa nilinde wokovu wangu?*
*Mama Maombi*

Mama Maombi mwanangu, pole kwa msiba. Pole iliyo kubwa zaidi naituma kwa mumeo, maana katika barua yako yote sijaona mahali ulipompa.

Nianze na foronya, ambayo umeiandika kama ushahidi mahakamani. Mtu amerudi kazini amechoka, amelaza kichwa, shavu limegusa mafuta. Angeweza kukuamsha mkagombana mpaka majirani wasikie. Akainuka, akafua, akaanika, akalala. Wewe na kiongozi wako mmeona pepo hapo. Mimi nimeona mwanamume mvumilivu ambaye hapendi kulala kwenye mafuta.

Sasa tuje kwenye sentensi uliyoichomeka karibu na mwisho ukapita haraka: kwamba shemeji "alikuwa ameacha kusafishwa damu kwa imani". Nani alimwambia aache? Hukusema. Umeandika kana kwamba hiyo imani ilishuka yenyewe kwenye daladala ikapiga hodi. Mtu ambaye figo zake zimekufa huunganishwa na mashine, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki. Akiacha, maji na sumu hujaa mwilini, potasiamu hupanda kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Hana miezi ya kujaribu. Wauguzi humwambia hivyo mgonjwa na ndugu zake tangu siku za kwanza, na nina hakika mumeo aliambiwa. Ninashuku hata kwamba ndiye aliyekuwa akimpeleka mdogo wake hospitali na kumsubiri kwenye benchi. Kisha wakaja watu wa maombi wakatangaza amepona.

Ulikuwa miongoni mwao? Usinijibu mimi. Lakini kama ulikuwepo, basi ile aibu ya jumuiyani haikutokana na mumeo kumkosea Mungu. Uliona aibu kwa sababu alilouliza lilikuwa linakuhusu.

Tena angalia alivyouliza. Hakusema Mungu hayupo, wala hakukutaja. Alisema "tuliomba", akajiweka na yeye ndani. Mwenye swali hilo anasumbuka na Mungu na bado hajamwacha. Aliyemwacha hafui shati la Jumapili akaenda kukaa viti vya nyuma. Nyie mnaoimba kwa nguvu viti vya mbele, kuna aliyemfuata akakaa naye?

Unamjua Tomaso, kila mhubiri humsema vibaya baada ya Pasaka. Alisema asipotia kidole penye kovu za misumari, hataamini kabisa. Wenzake kumi walikuwa wamemwona Bwana kwa macho yao, walikuwa na kila sababu ya kumtenga. Yohana anaandika kwamba baada ya siku nane walikuwamo ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Hawakumfukuza, wala hawakuhama chumba. Bwana alipokuja alimkuta palepale katikati ya ndugu zake, akamwonyesha mikono. Hebu jiulize angemkuta wapi kama ndugu hao wangekuwa kikundi chenu.

Na Ayubu? Rafiki zake walifanya jambo moja jema: siku saba waliketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo wakaharibu. Walimtetea Mungu kwa maneno mazuri, ya kidini, yaliyonyooka, wakati Ayubu analalamika na kudai majibu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao watetezi, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu, kisha anawatuma kwa Ayubu huyohuyo ili awaombee. Soma sura ya 42. Isome bila kiongozi wako pembeni.

Hiyo nira uliyoitaja Paulo hakuwaandikia watu waliokwisha kuoana wavunje ndoa. Wenye ndoa aliwaandikia katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7: mwanamke mwenye mume asiyeamini, na mume huyo akubali kukaa naye, asimwache. Na huyo ni asiyeamini kabisa! Wako anaamini huku analia. Yule baba wa Marko 9 aliyesema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" hakuambiwa arudi nyumbani akaongeze imani kwanza. Mtoto wake aliponywa siku hiyohiyo.

Najua kuna wasomaji watasema Shangazi anapinga uponyaji. Sipingi. Omba usiku kucha, na asubuhi mpeleke mgonjwa kwenye mashine. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Nizungumze na wengine pia, maana barua za namna hii zimezidi. Siku hizi mke anamjua mtume wake kuliko anavyomjua baba watoto. Siri ya chumbani inapelekwa kwenye kundi la WhatsApp kwa jina la ombi, watu hamsini wanajibu amina, na kesho mume anapishana na watu sokoni wanaojua alichosema kitandani. Umbea ukifungwa kwa amina unabaki umbea. Wanaume nao wasicheke, wapo wanaomkemea mke kwa Waefeso 5 na hawajawahi kufika mstari wa 25, unaowaambia wawapende wake zao. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka hadi Bukoba ulitikisa watu kwa sababu mtu alisimama akataja dhambi yake mwenyewe, akarudisha alichoiba, akamwomba radhi aliyemkosea kwa jina lake. Leo tunasimama kutubu dhambi za waume zetu. Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo, mwanangu, huhami chumba wala huondoki. Mfungo wako wa Jumatano usitishe kwa muda, kwa maana naona unakupa kiburi kuliko nguvu. Jumatano hiyo pika, watoto wakilala mwambie mumeo: "Nisimulie siku za mwisho za mdogo wako." Kisha unyamaze. Akilaumu, usijitetee kwa mstari wa Biblia. Kama ulishiriki kumwambia marehemu aache matibabu, sema "nilishiriki", na uombe msamaha bila kuongeza "lakini". Huenda asikusamehe usiku huo. Usimharakishe. Na asipoimba Jumapili, mwache asiimbe, wewe kaa naye hukohuko nyuma.

Tena kuna mtu ambaye barua yako haikumtaja hata kidogo, mjane wa shemeji. Anaishije? Watoto wanakula nini? Ijumaa badala ya mkesha nenda kwake, mkono mmoja unga, mwingine sukari. Akitaka kulia, lia naye. Akikuuliza lile swali la mumeo, usimpe jibu la kikundi.

Na kiongozi wako akiuliza kwa nini hukuonekana mkeshani, mwambie ulikuwa kwa mjane, na kwamba Ijumaa ijayo unakwenda tena, mwongozane.