Milima Iliyotetemeka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Katuni za Kuchorwa kwa Mkono

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Pamoja na wanafunzi wangu tulichora katuni fupi ya mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ukitoka ufukweni jioni, karatasi baada ya karatasi, kisha tukazipiga picha kwa simu na kuziunganisha. Mtumbwi ulikwenda vizuri, lakini milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa ilitetemeka mwanzo hadi mwisho, na watoto wakaangua kicheko. Wachoraji wa zamani, ambao hawakuwa na kompyuta, waliwezaje kuituliza milima yao? (Mwalimu, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wasivunjike moyo, kwa maana yaliyowapata yaliwapata mabingwa kabla yao, tena kando ya ziwa vilevile. Mwaka 1914 mchoraji wa Marekani, Winsor McCay, alitoa filamu fupi ya dinosaria aitwaye Gertie, ambaye miongoni mwa vituko vyake ni kunywa maji ya ziwa mpaka likakauka. Michoro yake ilikuwa maelfu, na kwa kuwa kila karatasi ilibeba picha nzima, kijana aliyemsaidia, John Fitzsimmons, alilazimika kunakili upya miamba, mti na ukingo wa ziwa kwenye kila moja. Walitia alama za msalaba pembeni ili karatasi zikae mahali pamoja wakati wa kupigwa picha, lakini mkono wa binadamu haurudii mstari uleule mara mbili, na ukiitazama filamu hiyo leo utaiona miamba ikicheza kidogo, kama milima yako. (Émile Cohl wa Ufaransa, aliyetangulia mwaka 1908 kwa michoro ipatayo 700, aliikwepa balaa hiyo kwa njia rahisi kuliko zote: mandhari hakuyachora, au aliyachora kwa nadra.)

Ndani ya tetemeko lako mna makosa mawili. La kwanza ni karatasi kutokaa mahali pamoja. Hilo alilitibu Raoul Barré, Mkanada aliyefanya kazi New York, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha, katika miaka hiyohiyo, desturi ya kutoboa karatasi matundu na kuzivisha kwenye vijiti vilivyosimamishwa mezani, ili kila karatasi ilale sawasawa juu ya mwenzake. Ni jambo dogo kwa kuliangalia, lakini vijiti hivyo vilibaki kwenye meza za wachoraji kwa miongo mingi.

Kosa la pili ndilo zito: mmechora upya kitu ambacho hakisogei. Mwezi Desemba 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya kuchora vitu vinavyosogea kwenye karatasi angavu za seluloidi (aina ya plastiki), zikiwekwa juu ya mandhari moja iliyochorwa mara moja tu. Akaungana na John Bray, aliyekuwa na hataza zake mwenyewe, na kwa miaka mingi studio nyingine ziliwalipa ada ili zitumie njia hiyo, mpaka hataza zilipoisha muda mwaka 1932. Kwa maoni yangu hakuna uvumbuzi wa katuni unaoufikia huu. Sauti na rangi ziliongeza utamu, lakini seluloidi ndiyo iliyoifanya kazi ya kumchosha mtu mmoja iweze kugawanywa kwa watu mia: mmoja achore mandhari, mwingine mwendo, mwingine apitishe wino upande wa mbele, na mwingine apake rangi upande wa nyuma ili mistari isifunikwe.

Hata hivyo seluloidi haikuwa angavu kabisa. Kila tabaka lililoongezwa lilififisha kidogo rangi za chini yake, kwa hiyo haikufaa kurundika zaidi ya tabaka nne au tano, na wapaka rangi walilazimika kubadilisha mchanganyiko wa rangi ya shati lilelile kulingana na tabaka litakalokaa.

Kwa darasa lako, pigilia misumari miwili kwenye ubao na uzikate vichwa, toboa karatasi zote kwa kipimo kimoja, kisha nunua stationeri zile plastiki angavu za kufunikia ripoti. Milima ichorwe mara moja. Mtumbwi uchorwe kwenye plastiki. Filamu huonyesha fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wengi walipiga picha kila mchoro mara mbili, kwa hiyo sekunde kumi zitawagharimu michoro 120, si 240.

Siku mtakapotaka mtazamaji ajione yuko ndani ya mtumbwi, tatizo jingine litawangoja. Mtu anayeondoka ufukweni huiona michikichi ya karibu ikipita haraka na milima ya mbali ikibaki palepale, ilhali kamera ikisogezwa mbele ya picha moja bapa, vyote husogea na kukua kwa kipimo kimoja. Dawa yake ni kuitenganisha picha katika vioo angavu kadhaa vilivyopangwa kimoja chini ya kingine kwa nafasi, kamera ikitazama kutoka juu. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikwisha kupanga vivuli vyake, yaani maumbo meusi ya karatasi iliyokatwa, kwenye vioo vya namna hiyo katika filamu yake ndefu ya mwaka 1926, na mwaka 1937 studio ya Disney ikatumia mtambo mkubwa wa aina hiyo katika filamu fupi ya kinu cha zamani. Wengi humpa Disney sifa yote. Mimi naona Reiniger amepunjwa.

SWALI: Kwa nini katika katuni za zamani za televisheni mhusika husimama kama nguzo, kikasogea kichwa au mdomo tu? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ni bajeti. William Hanna na Joseph Barbera, waliounda studio yao mwaka 1957 baada ya miaka mingi ya katuni za sinema, walikuta televisheni ikilipa kidogo na kudai vipindi vingi. Wakaichukua njia ya Hurd na kuisukuma mbali zaidi: kiwiliwili kikakaa kwenye tabaka moja bila kuguswa, kichwa kwenye jingine, na kichwa peke yake ndicho kilichochorwa upya. Mtazame dubu wao Yogi, aliyeanza kuonekana mwaka 1958. Hana shati wala suruali, lakini shingoni amevaa kola na tai, na ni kola hiyo inayouficha mstari ambapo tabaka la kichwa linakutana na la kiwiliwili.